Jina Aliloitikia

Mtu hujuaje kwamba anayeitwa ni yeye? Siwema alifika umri wa miaka hamsini na mmoja, ana wajukuu wawili na meno yake karibu yote, bila kujiuliza swali hilo hata mara moja. Lilimjia alasiri ile aliposimama upande wa kichwa wa kaburi la baba yake, watu wa mtaa mzima wakimtazama mdomo, nao mdomo umekauka.

Katika nchi ile maiti hafukiwi mpaka aitwe. Huoshwa, huvishwa sanda, huteremshwa kaburini, kisha mtoto wake mkubwa husimama na kumwita kwa jina lake mara tatu. Hapigi kelele. Humwita kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Mwito wa kwanza ni wa kumwamsha. Wa pili ni wa kumjulisha kwamba amekufa, maana wapo wasiojua. Wa tatu ni wa kumkabidhi kwa waliomtangulia. Jina likishaitwa mara ya tatu huchongwa kwenye Ukuta, na walioko Ukutani hawapotei, kwa kuwa kila mwaka watoto hupangwa mstari wakayasoma majina yote kwa sauti, wakipiga miayo. Asiyeitwa hachongwi. Kaburi lake likipita misimu saba, mtu yeyote ana ruhusa ya kulilima. Viazi vitamu vya upande ule ni vikubwa ajabu, na watu wa mtaa walivila bila kuuliza vinatoka wapi.

Na jua nalo, ndivyo walivyofundishwa tangu wakiwa wadogo, halitui mpaka maiti aitwe. Kwa hiyo alasiri ile ilikuwa na siku tatu. Watu walikuwa wamelala mara tatu na kuamka mara tatu, wakalikuta jua pale pale, juu ya paa la mashine ya kukoboa. Kuku walisimama mlangoni mwa banda hawajui waingie au watoke. Jirani mmoja, mwanamke mwenye huruma zake, alikuja akamshika Siwema mkono, akasema, "Pole sana, mwanangu. Tuko pamoja. Lakini mchicha wetu unaungua."

Siwema hakulijua jina la baba yake.

Usicheke. Ulizia kwanza kwenu, nenda nyuma hatua mbili tu, uone utaishia wapi. Baba huyu alikuwa ametumika miaka arobaini katika Nyumba ya Juu, ile yenye veranda na mbwa wanaolala ndani, na kule waliokuwa wakimwita walimwita Boi. Alipoajiriwa alikuwa na miaka ishirini na miwili, akaitwa Boi. Alipoota mvi akaitwa Boi, tena na watoto aliowabeba mgongoni. Kipande chake, ile karatasi aliyolazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kiliandikwa Boi mahali pa jina na Boi mahali pa kazi. Basi akishuka nyumbani jioni, mke wake alimwita Baba Siwema. Majirani walimwita Baba Siwema. Watoto walimwita baba. Nani angethubutu kumtaja mzazi wake kwa jina? Na mke anayelitaja jina la mumewe hadharani ana tofauti gani na aliyemvua kanzu barazani? Wazee wake mwenyewe, waliompa hilo jina, aliwaacha nchi ya mbali mwaka wa njaa na hawakuonekana tena. Kule juu jina lilipotea kwa dharau, huku chini likapotea kwa heshima. Vitu viwili visivyoonana uso kwa uso vilifanya kazi moja, tena kwa ushirikiano mzuri.

Mama yake ndiye aliyeulizwa kwanza. Alikuwa amekaa chini kando ya kaburi, akifukuza nzi kwa ncha ya kanga.

"Siku ya ndoa lilitajwa, mama. Lazima lilitajwa."

"Lilitajwa," mama alisema. "Mfungishaji aliniuliza kama namkubali fulani mwana wa fulani. Mimi nilikuwa chini ya ushungi, natazama miguu yake. Alikuwa na miguu mizuri, baba yako. Alipofika kwenye jina tu, shangazi zangu wakapiga vigelegele."

"Hukuuliza baadaye?"

"Ningeuliza ili iweje? Mwaka wa kwanza nilimwita 'wewe'. Wa pili ukazaliwa, nikapata la kumwita, naye akawa anaitika." Akafukuza nzi ambaye hakuwepo. "Nilidhani ipo siku nitalisikia tena."

Mwenye kuamua mambo pale alikuwa Shekue, mshika patasi wa Ukuta, mtu mrefu mwembamba aliyesema polepole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkatiza. Majirani walimwendea na ushauri wao. Mwite Mbaruku tu, walisema, nani atajua? Shekue akatikisa kichwa. Ukiita jina ambalo si lake, atainuka mwingine. Mwite baba basi. Akatikisa tena. Baba si jina, ni kazi, na ukiita "baba" mahali hapa nusu ya makaburi yataitika.

"Sheria haina ugumu wowote," Shekue alimwambia Siwema. "Jina la mtu si lile alilopewa. Anayepewa ni mtoto mchanga, hajui lolote. Jina ni lile aliloitikia mara ya mwisho. Ulikuwa naye wewe, binti. Aliitikia nini?"

Siwema akasema hajui. Ndipo alipodanganya.

Alijua. Wiki ya mwisho baba yake alikuwa amelala chumba cha mbele, macho yametazama dari, hali, hanywi. Siwema alimwita baba. Alimwita kwa upole, akamwita kwa ukali, akamwita akilia. Mama akamwita Baba Siwema, jina la miaka hamsini, na mzee hakugeuza hata jicho. Alikwishaondoka katika nyumba ile na kurudi katika ile nyingine. Siku ya pili mama alipotoka kwenda kuteka maji, Siwema, uji umeshika utando, kijiko mkononi, akainama sikioni mwake akasema, "Boi."

Mzee akafumbua macho. Akajaribu kukaa. Mikono yake ikatafuta vifungo vya shati ambalo hakuwa amelivaa, ikavifunga kimoja kimoja mpaka cha shingoni. "Naam, bwana," akasema. Akafungua kinywa, akameza uji.

Siku sita alimlisha hivyo. Boi, meza. Boi, geuka. Boi, kunywa dawa. Alihakikisha mama hayupo. Asubuhi iliyofuata alimwita, mzee akasema "Naam," nusu ya pili haikuja, na roho ikawa imetoka. Hilo ndilo lililomkausha mdomo. Kwa sheria ya Shekue jina lilikuwa linajulikana, na yeye ndiye aliyelichonga, kwa kijiko cha uji.

Akaomba aachiwe usingizi mmoja zaidi. Akaenda Jumba la Maneno.

Njia ya kwenda huko haina urefu wake yenyewe. Hurefuka kwa mtu kadiri anavyoogopa kufika. Siwema aliona miguu yake ikipita mahali ilipopita tayari. Aliona mtoto wa kike amesimama kando ya njia na kandambili mpya, anamngoja baba yake ashuke kutoka Nyumba ya Juu, akataka kumwambia aondoke juani, kisha akamtambua. Akapita bila kumsemesha. Mtu humwambia nini mtu kama huyo? Akimwambia mwulize baba jina lake leo leo, usingoje, mtoto atasema kwa nini, nami jina lake nalijua, ni baba.

Jumba la Maneno lilikuwa na korido ndefu na milango mingi, na kila mlango ulikuwa na neno ndani yake, limekaa kama mgonjwa anayengoja ndugu. Karani wa pale alikuwa Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anabangua karanga juu ya meza. Chumba cha Haki kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, mwenyewe hayupo. "Alitoka kwenda mkutanoni," alisema Bi Mashavu. "Mwaka gani, usiniulize. Wewe unamtaka nani?"

"Boi."

Karani akaacha karanga. "Wa Kiingereza huyo. Yuko chini kabisa, dari lake fupi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada. Na usimsalimie kwanza, hajui kuamkiwa, atadhani unamtuma."

Siwema akainama, akaingia. Alikuwa ameandaa matusi njia nzima. Aliyemkuta alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani, ana uso wa mtoto wa miaka kumi, mashavu laini, macho maangavu, na chini ya uso ule shingo ya mzee na miguu ya mzee. Kila kifundo cha mguu kilizungukwa na kovu jeupe, pana, linalong'aa. La shingoni lilikuwa pana zaidi. Akayaacha matusi, maana hakujua amwite babu au amwite mwanangu.

"Niite utakavyo," Boi alisema. "Ndivyo wafanyavyo wote."

"Nimekuja kuchukua jina la baba yangu. Ulilikalia miaka arobaini."

"Nimekalia mengi. Kaa chini, mama, usijigonge kichwa."

Akakaa. Neno lile halikuwa na haraka. Huenda lilikuwa halijapata mgeni siku nyingi.

"Watu wakiniona uso wanadhani nilizaliwa mtoto," alisema. "Kwa Waingereza wenyewe, siku hizi, nina maana ya mtoto wa kiume. Mama zao wananitamka kwa mapenzi matupu. Lakini uso huu ulikuja mwisho. Nilipoonekana mara ya kwanza katika maandishi yao, na ni zaidi ya miaka mia saba sasa, nilikuwa mtumishi. Mtu wa chini, wa kutumwa na kutukanwa, awe na ndevu, asiwe nazo. Baadaye wakaona kwamba watoto nao hutumwa, wakanipeleka kwao, nikaota mashavu."

"Na kabla ya utumishi?"

"Kabla ya hapo ni ukungu. Wapo wataalamu wanaosema nilitoka kwa Wafaransa wa zamani, katika neno la mtu aliyetiwa pingu. Wafaransa nao wakalitoa kwa Warumi, waliokuwa na neno la ule mkanda wa ngozi au chuma wanaofungiwa wafungwa. Ninyi mngesema kongwa. Wengine wanakataa. Wanasema lilikuwa jina la mtu fulani tu. Wengine wanasema nilikuwa sauti ya mtoto mchanga anayejaribu midomo yake. Wanabishana, wanaandika vitabu, wananiamsha kunitazama meno. Mimi mwenyewe sijui. Sina wa kumwuliza. Ninachojua ni miguu hii."

Akaipapasa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na Siwema, aliyekuja na hasira ya siku tatu, akaona hasira yake imetafuta pa kukaa imekosa. Hapa palikuwa na kiumbe kilichozunguka dunia kikimnyang'anya kila mtu jina, nacho hakina baba wala asili wanayokubaliana watu wawili.

"Kisha nikapandishwa meli," Boi aliendelea. "Kila waliposhuka wao, nikashushwa. Bara Hindi. Uchina. Huku kwenu. Huko kote nikapewa watu wazima. Mtu ana mke, ana watoto saba, ana mizimu yake na heshima kwao, anaitwa mimi. Na ninyi mkanipokea kwa ukarimu. Mkanipa na wingi, maboi."

"Kwa hiyo huna kosa."

"Sikusema hivyo. Nimekaa hapa nikiwaza, hayo makosa ni ya kongwa, ya mkono unaolifunga, au ya shingo inayolizoea? Kila jibu ninalolipata huwa linamfurahisha mtu ambaye hastahili kufurahi. Mimi sijawahi kumwita mtu, mama. Neno halina mdomo. Lakini nimekuwepo kila mara."

Siwema akauliza kama anaikumbuka siku ya kwanza. Boi akaelekeza kidole kwenye kovu la shingo. "Miito yote imo humu. Weka sikio."

Akaweka sikio. Kovu lilikuwa baridi.

Kwanza mlango wa jikoni. Kijana amesimama kizingitini, amevaa shati la kuazima, na Siwema akamwona baba yake ana miaka ishirini na miwili, mdogo kuliko mtoto wake wa mwisho, akatamani kumpa maji ya kunywa. Miguu mizuri, kweli. Mtu ndani anauliza jina lako nani. Kijana anasimama wima. Midomo inakutana, inajiandaa, ina jina lote nyuma yake, la baba na babu. Inaanza, "M—" Na sauti ya ndani, haina hata ubaya, ina usingizi tu, inasema aa, haya majina yenu, tutakuita Boi. Midomo inabaki wazi. Mbwa anapiga chafya. Kijana anafunga mdomo, anaingia.

Kisha mingine yote, bila kupumua. Boi maji. Boi viatu. Boi nani kamwaga, Boi mbona chai baridi, Boi mtoto analia, Boi njoo, Boi toka, Boi cheka, wageni wanataka kuona unavyocheka. Boi shikilia taa. Boi ngoja hapa, na kungoja kwenyewe muda wa saa nne mvuani, hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Boi, bibi amefiwa na mama yake, mletee leso. Boi, mkeo amejifungua? Vizuri, pasi ile nguo. Naam, bwana. Naam, bibi. Naam. Naam. Siwema alitafuta katika ule mto wa sauti mahali ambapo baba yake aligoma, alichelewa, alijibu kwa nguvu, hata mara moja, akapakosa. Alichokisikia badala yake kilikuwa pumzi. Kabla ya kila "naam" palikuwa na pumzi ndogo, ya mtu anayeweka kitu chini ili aweze kuinuka. Makumi ya maelfu ya pumzi zile, na kila mara kile kitu alichokiweka chini alikiacha palepale.

Mwishoni kabisa miito ikapungua, ikawa sauti moja. Ya mwanamke. Boi, meza. Boi, geuka.

"Huyu wa mwisho simjui," Boi alisema taratibu. "Si wa Nyumba ya Juu. Sauti yake ni laini kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Nimejiuliza sana ni nani. Mtu aliyenitamka akilia."

Siwema akaondoa sikio. Akalia kwa sauti, mgongo umepinda chini ya lile dari fupi, akalia kwa kuwa alikuwa amekuja kumshitaki mwizi na amekuta alama za vidole vyake mwenyewe. Neno lile lilimwacha alie. Halikujua kubembeleza, hakuna aliyewahi kulitumia kwa kazi hiyo huku kwetu.

"Nilitaka ale," Siwema akasema.

"Ndiyo. Kila anayeita hutaka kitu."

Hakuondoka na kitu zaidi ya midomo miwili iliyokutana, yaani "M", na katika nchi ile nusu ya wanaume majina yao huanza hivyo. Bi Mashavu alimtazama akitoka, akamsukumia karanga kiganjani bila kumwuliza kama alifanikiwa. Njiani Siwema hakula. Alikuwa anawaza, na mawazo yake yalikuja vipande vipande, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

Kila anayeita hutaka kitu. Nilimwita baba nikitaka peremende. Nikitaka kandambili. Nikitaka ruhusa ya kwenda ngomani. Nikitaka aniambie kwamba hakuna chui nje. Mama alimwita Baba Siwema akitaka kuni, akitaka dari lizibwe, akitaka tu aketi naye. Tulimpenda. Tulimpenda sana, naye kila tulipompenda aliweka kitu chini akainuka. Tofauti yetu na wale wa juu ni kubwa, sitaki mtu aniambie si kubwa, nitampiga. Ila pumzi ilikuwa ni ileile. Na hilo jina lililopotea, lenyewe, lenye heshima, la babu yake, ningelipata leo ningefanya nalo nini? Ningesimama pale nimwamshe nalo. Jina ni mkono, hushika mtu begani. Hata la dhahabu ni mkono.

Akafika makaburini. Watu walikuwa palepale, jua palepale, mama palepale, kanga mkononi. Shekue alikuwa ameshanoa patasi.

"Umelipata?" akauliza.

"Najua aliloitikia mara ya mwisho," Siwema akasema. "Nilikudanganya, Mzee Shekue. Alikuwa anaitikia Boi. Mimi ndiye niliyemwita hivyo, siku sita, ili ale. Mama hakujua."

Mama akainua uso. Miongoni mwa watu wapo walioshika vinywa, na wapo walioitazama miguu yao, kwa kuwa baba zao nao walishuka kutoka juu na majina ya namna hiyohiyo. Shekue peke yake hakubadilika.

"Basi sheria imetimia. Ita hilo. Nitalichonga kama lilivyo."

Siwema akasogea upande wa kichwa. Sanda ilikuwa nyeupe mno kwa jua lile. Alijua akiita, baba yake atasikia, hakuwa na shaka. Atafumbua macho ndani ya kitambaa, mikono itatafuta vifungo, ataweka chini hata mauti yenyewe, aseme naam. Hajawahi kukosa. Hiyo ndiyo ilikuwa huzuni yake yote, kwamba hajawahi kukosa. Na alijua asipoita hakuna Ukuta, hakuna watoto wa kulisoma jina lake wakipiga miayo, kutakuwa na misimu saba kisha jembe. Wajukuu wake watamwuliza babu yetu yuko wapi, naye atawaonyesha shamba la watu.

"Ita," Shekue akasema.

Siwema akafunga mdomo.

Watu wakangoja. Walidhani machozi yamemzuia. Kitambo cha mwito mmoja kikapita, ukasikika upepo katika majani makavu ya viazi. Cha pili kikapita, na mtu akakohoa, na Shekue akaigeuza patasi mkononi. Cha tatu kilikuwa kirefu. Siwema alisimama ndani yake mikono imelegea, hataki chochote. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya baba yake bila kutaka chochote, na iliuma kwa namna ambayo hakuitegemea, kama kumwachia mtu mkono katika umati. Akamwachia.

Kivuli cha mashine ya kukoboa kikasogea. Kilisogea kidogo, halafu vizuri, kikapanda ukuta wa jirani. Jua likaanza kushuka zake kama lilivyoshuka siku zote, na kuku wakaingia bandani mmoja mmoja. Watu waliona. Shekue aliona pia, akainama kwa haraka kufunga mkoba wa patasi, akachukua muda mrefu sana na ule mkoba. Hakuna aliyemwuliza ni nani basi aliyekuwa amelizuia jua. Wakashika majembe, wakafukia, wakanawa mikono, wakaondoka wakizungumza kuhusu mchicha.

Wakabaki mama na mtoto. Udongo ulikuwa bado una unyevu.

"Umemnyima mahali," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Watalima hapa."

"Watalima."

Mama akalitazama tuta lile kwa muda. Alikuwa mwanamke mdogo, na miaka hamsini alikuwa amemwita mtu huyu kutoka uani, kutoka kisimani, kutoka kitandani, naye alikuja. Siwema alidhani atatukanwa, akajiweka tayari, kwa kuwa aliona anastahili.

"Kile ulichokuwa unamwita," mama akasema. "Siku zile sita. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakaa nje na ndoo mpaka amalize kula."

Siwema akamshika mkono. Mama akajiinua kwa shida, akakung'uta kanga, akajifunika kichwa. Wakasimama hivyo mpaka giza likakaribia, wawili hao, wakimlilia mtu bila kumtaja. Mwisho mama akapiga hatua moja, akasita, akageuka nyuma kuelekea kaburini. Mdomo wake ukajitayarisha kwa lile jina la miaka hamsini, Baba Siwema, na Siwema akambana vidole. Mama akalimeza.

"Sisi tunakwenda," akaliambia lile tuta. "Wewe usiinuke."